Waya Mwekundu Chini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wateja wa kibanda changu cha ufundi pale Njoro, Moshi, wanalijua hilo. Mtu akileta redio ambayo ameshaifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, huiweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili kabla hajaanza kunieleza. Ninamsema, kisha ninaitengeneza. Miaka ishirini na ushei nimekaa kwenye kile kibanda na sijawahi kumfukuza mtu. Ila kusema, nimesema.

Nayaleta haya mapema kwa sababu hasira hiyohiyo iliwahi kuninyima rafiki kwa Desemba mbili, na nusura iniharibie kitu ninachokipenda kuliko karibu vyote nilivyonavyo, yaani ile mashine yetu.

Mashine yenyewe ni sintesaiza, chombo cha kutengeneza muziki kwa umeme, lakini si ile ya kwaya, iliyofungwa yote kwenye boksi moja ikiwa na funguo nyeupe na nyeusi. Yetu iko vipande vipande. Kipande kimoja kinatoa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinagawa mapigo. Kila kimoja ni bati lenye vitufe vya kuzungusha na matundu ya plagi, na kwa nyuma lina saketi. Unavipanga kwenye kabati, unaviunganisha kwa nyaya kwa mbele, na wewe mwenyewe ndiye unayeamua nani azungumze na nani. Hakuna anayetulipa kwa kazi hii wala hatujawahi kumwomba mtu atulipe. Mke wa mwenzetu Meku husema tumezeeka vibaya.

Tuko watatu. Meku ni mzee wa Mwika, mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa na mpiga kinanda wa parokia kwa miaka mingi. Tulifahamiana aliponiletea kinanda cha kanisa kilichoingiwa na panya. Kilikuwa kimekufa, nikamwambia hivyo, akakataa kukizika. Ndipo tukaanza kukipasua na kukitoa sauti sehemu moja moja, na hadi leo sijui ni siku ipi ilikoma kuwa matengenezo ikawa mapenzi. Wa tatu ni kaka mmoja wa Holili, karani wa kupitisha mizigo mpakani mwa Kenya. Alikuja kibandani kwangu asubuhi kutafuta kipuri kiitwacho kapasita na akaondoka saa kumi jioni bila kapasita. Yeye ni mpole, tena mpole wa kukera. Mimi ni Mlutheri, yeye ni Mlutheri, na Meku, Mkatoliki, hutuita watoto waliopotea.

Sasa, ili kipande changu kikae kwenye kabati la mwenzangu, ni lazima tukubaliane kipimo: urefu wa bati, ukubwa wa plagi, na jinsi umeme unavyoingia kwa nyuma. Watu wengi duniani wanaopenda mambo haya wamehamia kwenye kipimo kidogo, vipande vyembamba vya kubeba kwenye begi. Sisi tulibaki na kikubwa. Urefu wa bati letu ni upana wa ubao wa mgrevilea unaopasuliwa kule Mwika, maana ndio uliotengeneza kabati la kwanza. Plagi zetu ni zile nene za gitaa la kanisa, ambazo Moshi huzikosi hata siku ya Jumapili. Na umeme unaingia kwa nyaya tatu: mwekundu chini, mweusi katikati, wa bluu juu. Yote hayo tuliyaandika kwenye daftari moja lenye jalada gumu, ukurasa wa kwanza, na mchoro niliuchora mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi na mimi ndiye mwenye kutengeneza visanduku vya umeme.

Tukagawana kazi. Mimi natengeneza vipande vya sauti, Meku vya kuchuja, na kaka wa Holili vya mapigo, kikuu kikiwa kile tunachokiita saa, kinachogawa mapigo ili wengine wajue wakati wa kuingia. Kila mmoja anafanya kwake mwaka mzima. Desemba ikifika, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila walikotawanyika, na sisi tunakusanya vipande vyetu kwa Meku, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tunaunganisha makabati matatu yanakuwa moja barazani, migomba ikiwa mbele yetu, na tunapiga kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi ng'ombe waanze kudai kukamuliwa. Wajukuu wanacheza. Majirani wanakuja na mbege yao, ile pombe ya ndizi, na kuuliza kama hii ni mashine ya kusaga au ni muziki. Meku huwajibu kwamba inategemea umekunywa kiasi gani.

Nilikuwa na furaha miaka ile, na nilijua kwamba nina furaha.

Lakini kulikuwa na jambo. Mwaka wa pili nilipata kwenye simu michoro ya watu wa nje, nikaitazama, nikahisi masikio yanapata moto. Wote, bila kumwacha hata mmoja, waliweka umeme kinyume na sisi. Nikafungua daftari. Nikaelewa papo hapo. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimechora nikiwa nimelishika bati kwa nyuma, tena kichwa chini, kisha nikaunakili mchoro kama mtu aliye mbele. Juu ikawa chini na chini ikawa juu. Ni kosa la mwanafunzi. Na kufikia hapo tulikuwa na vipande kumi na tisa, vyote vimejengwa kwa uaminifu juu ya kosa langu, vyote vikiimba vizuri, maana umeme haujali uko upande gani mradi wote mmekubaliana.

Ningesema siku ile, tungecheka. Sikusema. Mtu anayewasema wengine kwa kufungua redio kwa kisu cha jikoni haoni wepesi wa kusema amechora kinyume. Baada ya miezi michache kaka wa Holili akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Dada, mbona wenzetu wa nje mwekundu wanauweka juu?"

"Wenzetu ni wenzetu na sisi ni sisi," nikamjibu. "Hiyo ndiyo kanuni."

Akanitazama kidogo. "Sawa, dada."

Yakaishia hapo. Meku yeye aliikariri: mwekundu chini, mweusi kati, bluu juu. Alikuwa akiyasema anapochomelea lehemu, na mara nyingine hata anapokamua. Miaka kumi na moja ikapita hivyo, na vipande vikazidi sitini.

Desemba ya mwaka huo wa kumi na moja kaka wa Holili alikuja na kipande kutoka nje. Binti yake anafanya kazi mbali, nchi ya baridi, na alikuwa ametumia miezi kuuliza na kusoma ili ajue ni kipande gani baba yake angekipenda. Alikituma kikiwa kimefungwa kwenye soksi za sufu. Kilikuwa kidogo, cheusi, cha kipimo kile cha wenzetu, na kaka alisema kinatoa sauti kama ya mluzi kwenye chupa. Kaka alikuwa amekichongea fremu ya ubao ili kikae kwenye kabati letu. Alikuwa amekitengenezea na utepe wake wa waya. Akanikabidhi vyote viwili kwa mikono miwili, mbele ya wageni wote waliojaa barazani, akasema, "Dada, unganisha wewe. Wewe ndiye mwenye umeme."

Nikapokea. Nikautazama ule utepe, nikaona nyaya zimepishana: mwekundu upande huu uko chini, upande wa pili uko juu. Nikasema moyoni, huyu naye leo kakosea, na kwa haraka zangu, bila kumuuliza, nikauchomoa nikauweka mfukoni. Nikatoa utepe wetu mmoja ulionyooka, nikauchomeka, nikawasha.

Kulitoka moshi mwembamba na harufu ile ambayo fundi yeyote anaijua hata akiwa usingizini.

Hapo ndipo ningesema pole. Badala yake nikasema, kwa sauti ya watu kusikia, "Ndiyo shida ya vitu vya kuletewa. Takataka tu. Nani alikwambia uingize vitu vya watu kwenye kabati letu?"

Alikitoa kipande, akakifunga kwenye soksi, akaitoa na saa yake, akawaaga Meku na mkewe kwa heshima zote na akaondoka. Hakubamiza hata mlango. Ingekuwa afadhali angebamiza.

Desemba iliyofuata hakuja. Tulipiga mimi na Meku tu, na bila saa mashine haina wakati. Sauti inakuja inapojisikia. Meku alijaribu kugawa mapigo kwa kugonga sufuria. Wajukuu walikaa nusu saa wakaenda kucheza mpira. Nilimtumia kaka salamu za Mwaka Mpya naye akanijibu vizuri, kwa adabu, kama anavyomjibu mteja wa mpakani. Desemba ya pili pia hakuja, na hatukuunganisha makabati. Tulikula kiburu, ndizi zetu za maharage, tukazungumza habari za bei ya maziwa. Nilirudi Njoro nikijiambia kwamba aliyekosa ni yeye kwa kununa, na nikawa namsema peke yangu kibandani hata wateja wakawa wananitazama.

Ukweli niliupata kwenye droo. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua inanyesha na wateja hakuna. Nikawa natafuta fyuzi, nikaukuta ule utepe wake, ambao niliutupa humo siku ile nilipotoa vitu mfukoni. Nikaushika kwenye mwanga. Nyaya hazikuwa zimepishana kwa bahati mbaya. Alikuwa amezipishanisha kwa makini, amezishonea kwa uzi mweusi ili zisiteleze, na kwenye ncha moja ameandika kwa kalamu, kwa herufi ndogo kabisa, "kwetu," na kwenye ncha ya pili, "kwao."

Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja.

Alijua. Alijua mchoro wangu uko kinyume, alijua mimi nimeuita kanuni, na badala ya kuniumbua mbele ya wageni alikwenda kwake akakaa na sindano akatengeneza daraja dogo la kupitia kosa langu bila mtu kuliona. Nami nikalichomoa kwa mikono yangu mwenyewe nikaunguza zawadi ya mtoto wake, kisha nikaiita takataka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utoto. Nililia kidogo, na mteja mmoja akaingia na pasi, nikamwambia arudi kesho, naye akatii upesi sana.

Jumamosi nikapanda Mwika. Meku alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Mbona uso umevimba?"

Nikamweleza yote, kuanzia bati nililolishika kwa nyuma. Akaacha panga likining'inia mkononi.

"Subiri kwanza," akasema. "Mwekundu chini, mweusi kati, bluu juu... si kanuni?"

"Ni kosa langu."

"Yaani miaka yote hii mimi nakariri kosa kama litania?"

"Ndiyo, Meku."

Ng'ombe mmoja akalalamikia majani yake. Meku akanyoosha panga kuelekea mpakani mwa kihamba chake, lile shamba la nyumbani, kwenye mstari wa masale. Isale ni mmea wa kawaida tu, wa majani marefu, tunaupanda mipakani tangu enzi za mababu. Lakini Mchagga akikukosea kisha akakuletea isale, huwezi kumrudisha nalo. Ukishalipokea, umepokea na msamaha. Ndiyo maana halichukuliwi kwa mchezo.

"Chuma mawili," Meku akasema. "La kwanza ni langu."

Nilidhani anatania. Alikuwa amesimama ananingoja. Nikachuma isale, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili, pale pale kwenye majani ya ng'ombe. Akalipokea, akalichomeka kwenye ukingo wa kofia yake, na akalivaa siku nzima ili mkewe amuulize. "Mficha uchi hazai," akaniambia nikiondoka na la pili. "Wewe umeficha waya."

Holili ni joto na vumbi ukitoka milimani, na isale langu lilikuwa limeanza kulegea nilipofika. Nilikuwa nimelizungushia kitambaa kibichi. Kaka anakaa nyuma ya maegesho ya malori. Alikuwa uani anapasi mashati yake ya kazi. Aliniona, akakiona kitambaa kilichofunika kitu mkononi, akazima pasi.

"Karibu, dada."

Sikukaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikafunua isale nikalinyoosha. "Nilichora nikiwa nyuma ya bati," nikasema. "Si kanuni. Haikuwa kanuni hata siku moja. Na nimeuona utepe wako."

Hakulipokea mara moja, na hapo niliogopa kweli. Mtu anaruhusiwa kukawia.

"Umechelewa, dada," akasema.

"Najua."

"Kuungua kwa kile kipande hakukuniuma. Vitu vinaungua. Nilikwenda kumwambia binti yangu nini? Kwamba kile alichokihangaikia, dada yangu wa Njoro kakiita takataka?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kinafanya kazi. Miaka miwili namdanganya mtoto wangu kila akiuliza."

Nikabaki nimenyoosha mikono. Nikamuuliza tu tangu lini alijua.

"Tangu siku niliyokuuliza. Ulivyojibu kwa ukali nikajua umeshaona." Akatabasamu kidogo, la kwanza. "Nikasema, kama dada amesema ni kanuni, basi na iwe kanuni. Nilijenga vipande ishirini na tatu kwa mkono huu, vyote kinyume."

Ndipo akalipokea isale, kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kopo la maji dirishani. Nikamwambia nitavigeuza vyote, vipande vyote sitini na kitu, kimoja kimoja, tuwe kama wenzetu, ili chochote atakachotumiwa kikae bila daraja. Nilimaanisha. Alinipa chai. Kuhusu mashine alisema jambo moja tu: "Isale nimelipokea. Mengine tutaona Desemba."

Miezi ile saba nililala vibaya. Kusamehewa ni kitu kimoja na mtu kurudi kukaa na wewe barazani ni kingine, na isale halimlazimishi mtu kupiga muziki. Nilitengeneza orodha ya vipande vyote vya kugeuzwa. Desemba nilipanda Mwika na pasi yangu ya kuchomelea, lehemu ya kutosha, na miwani mipya.

Alifika siku ya tatu baada ya Krismasi, saa sita mchana, na maboksi mawili. Kwenye la kwanza ilikuwa saa yake. Meku alipoiona alisema "Aika, mbe," ndiyo asante yetu ya Kichagga, akaenda kumwambia ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshafungua kabati na pasi ya kuchomelea imeshapata moto.

"Dada, zima hiyo pasi," kaka akasema. "Hatugeuzi."

Akafungua boksi la pili. Sikukitambua mwanzoni. Kilikuwa kipande cha urefu wetu, upana wa ubao wa mgrevilea, bati limekatwa kwa mkono na kona moja imepinda kidogo, matundu ya plagi nene za gitaa. Kisha nikaona vitufe vyake vidogo vyeusi. Alikuwa amekifufua kipande cha binti yake. Alibadilisha kilichoungua, akakitoa kwenye umbo lake la kwao na kukivisha bati letu. Nikakigeuza nyuma. Mwekundu chini, mweusi kati, wa bluu juu. Alikuwa ameuhamisha umeme wake wote, njia kwa njia, kufuata mchoro nilioukosea.

"Sasa hakiwezi kukaa kwa mtu mwingine yeyote duniani," nikamwambia.

"Hapana," akasema. "Ni hapa tu." Akanipa utepe ulionyooka, mmoja wa zile za kwetu. "Unganisha. Wewe ndiye mwenye umeme."

Nikauchomeka. Nilikagua mara tatu, na Meku akasoma litania yake kwa sauti nyuma yangu. Nikawasha. Hapakuwa na moshi. Saa ikaanza kugawa mapigo, na ule mluzi wa chupa ukaingia ulipotakiwa kuingia, juu ya migomba, na wajukuu wakaacha mpira wao wakaja.

Kaka alikuwa ameshapiga simu nchi ya baridi. Aliinyoosha kuelekea kwenye kabati, na kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya msichana ikisema, "Baba, ndicho hicho? Kwa hiyo kweli kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi," akasema, na safari hii hakumdanganya.

Mimi nilikuwa nalia wazi, mbele ya watu, mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe. Mke wa Meku akatoka na sufuria ya mtori wa ndizi akauliza nani amefariki.